Nani Amwingize Mtoto Mtihanini? Mfano wa England tangu 1944

Shauri la kumwingiza mtoto katika mtihani wa kuchagulia wanafunzi wa sekondari huonekana siku hizi kuwa jambo la nyumbani. Katika England halikuwa hivyo tangu awali, na historia yake yafaa kuchunguzwa.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 iliondoa ada katika shule za sekondari za serikali. Baada yake serikali za mitaa ziliwapima watoto walipokaribia umri wa miaka 11, kwa hesabu, Kiingereza na maswali ya kupima akili. Wachache waliofaulu walipelekwa shule za grama, ndizo zilizofungua njia ya Chuo Kikuu. Walio wengi walikwenda kwingineko. Kwa kawaida mzazi hakuulizwa. Mtoto wa mwashi na mtoto wa daktari walipewa karatasi moja, na hilo ndilo lililohesabiwa kuwa haki.

Lakini karatasi moja si lugha moja. Swali la kutafuta neno lenye maana sawa na jingine lamtaka mtoto awe amekwisha kulikuta neno hilo, na maneno ya vitabuni hukutwa zaidi katika nyumba zenye vitabu. Tena uchunguzi wa Philip Vernon katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba mazoezi huongeza alama za mtihani uliodhaniwa kupima akili ya kuzaliwa. Nafasi nazo hazikulingana: Birmingham ilikuwa na nafasi 540 za wavulana na 360 za wasichana, hata mwaka 1989 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likaamua kwamba huo ni ubaguzi.

Mwaka 1965 serikali kuu ilizitaka serikali za mitaa ziache uchaguzi huo, na nyingi ziliuacha. Leo zimesalia shule za grama 163. Katika Kent sharti mzazi amwandikishe mtoto. Katika Buckinghamshire mtoto aliye katika shule ya msingi ya serikali ya huko huandikishwa bila kuombewa, ila mzazi akikataa. Kwa hiyo kunyamaza kwa mzazi wa Kent kwamfungia mtoto mlango, na kwa mzazi wa Buckinghamshire kwamwachia wazi.

Hivyo mtihani uliokusudiwa kutojali hali ya nyumba umerudi mikononi mwa nyumba. Mzazi asianze kwa kuuliza kama mwanawe ana akili, maana mtihani huu haukupata kulijibu swali hilo barabara. Na aulize nafasi ni ngapi, mtoto amepata mazoezi kiasi gani, na shule itakayompokea asipochaguliwa ni ya namna gani.