Tumbaku ya Migori: Moto ni wa Mkulima, Bei ni ya Mnunuzi

Kwetu Pwani tumbaku tunaijua ikishafika. Iko kwenye tambuu ya bibi, kwenye ugoro wa mzee na kwenye sigara ya kijana wa bodaboda. Ilikotoka hatuulizi. Mimi pia sikuuliza, mpaka rafiki niliyesoma naye stashahada aliponialika kwao Uriri, kaunti ya Migori. Nilipitia Homa Bay, Rodi Kopany na Rongo, nikafika jioni. Nyuma ya nyumba ya baba yake palikuwa na banda refu la udongo lisilo na dirisha, linatoa moshi. Mzee alikuwa amekaa mbele yake na rundo la kuni. Aliniambia usiku ule halali.

Msomaji wangu, nataka nikueleze kazi ile inavyokwenda, kwa sababu tunapobishana kuhusu tumbaku huwa tunamsahau anayeikausha.

Kilimo cha tumbaku kwa mkataba kilienea huko miaka ya 1970, wakati Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, makao yake makuu mjini Homa Bay. Waluo huiita ndawa. Kampuni humpa mkulima mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo. Baadaye hununua majani na kulikata deni lake kwanza. Tangu kitalu hadi kuuza, kazi huchukua karibu miezi tisa.

Mche ukitoa ua, kilele huvunjwa ili nguvu iingie kwenye majani. Machipukizi ya pembeni nayo hung'olewa kila mara. Majani hayaivi pamoja. Huanza ya chini, yakigeuka kijani hafifu chenye umanjano, na mkulima huchuma mawili au matatu kwa kila mche, halafu hurudi baada ya siku kadhaa. Mvunaji hupita shamba lile lile mara nyingi.

Hapo mwili huanza kulipa. Jani lenye umande au mvua hutoa nikotini inayopenya ngozi. Mchumaji hupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuumwa na kichwa, hata kama hajavuta sigara maishani. Mama wa boma lile alidhani kwa miaka mingi kwamba ni malaria. Kinga yake ni kungoja majani yakauke umande, kuvaa glavu na mikono mirefu, na kunawa mara baada ya kazi. Mtoto na mama mjamzito wasiyaguse kabisa.

Majani hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa bandani. Wakulima wa Tabora, Tanzania, huliita banda hilo bani. Tumbaku nyingine hukaushwa kwa moshi unaoyapata majani moja kwa moja, nayo huweza kuchukua wiki kadhaa. Ya mzee ilikuwa ya mvuke: moto huwashwa nje, joto hupita ndani kwa bomba, na moshi haugusi jani. Hii huchukua siku tano hadi saba, na ina hatua tatu.

Ya kwanza ni kugeuza rangi, kwa joto la nyuzi 35 hadi 40 hivi. Jani bado lina uhai. Wanga wake hugeuka sukari na ukijani huondoka. Ukiharakisha moto, ukijani hufungiwa ndani na hautoki tena. Ya pili ni kukausha bapa la jani, joto likipanda polepole kupita nyuzi 50. Ukichelewa, jani huwa la kahawia. Ya tatu ni kukausha uti wa jani, joto likikaribia nyuzi 70. Uti ukibaki na maji, robota zima huota ukungu. Mwisho moto huzimwa na majani huachwa yanywe unyevu kidogo, yasivunjike yanapopangwa kwa madaraja.

Babu yangu alikausha mbata, nami najua mbata ikipelekwa kwa pupa huungua. Lakini mbata haikumkesha wiki nzima. Huku moto ukilala usiku mmoja tu, kazi ya miezi imeharibika. Ndiyo maana wazee hupokezana na wake zao, na mara nyingine na watoto wanaopaswa kuwa darasani asubuhi.

Na baada ya ustadi wote huo, mnunuzi hulitazama robota, hutaja daraja, na bei imepita. Mzee alinionyesha karatasi yake ya mauzo. Mbolea ilikuwemo, dawa ilikuwemo. Nikamuuliza, "Baba, kuni ziko wapi hapa?" Akacheka. Kuni hazimo. Usiku wake haumo, wala kifua cha mkewe, wala miti ya kienyeji iliyokatwa kabla ya mikaratusi kupandwa.

Simlaumu mzee. Tumbaku ilisomesha watoto wake, rafiki yangu akiwa mmoja wao, kwa sababu ilikuwa na kitu ambacho mahindi hayakuwa nacho: mnunuzi wa uhakika. Anayemwambia aiache bila kumpa mnunuzi anamwambia maneno matupu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 yenyewe inataka ziwekwe sera za kuwapa wakulima wa tumbaku mazao mbadala yenye faida.

Hatua moja imeanzia huko huko Migori. WHO, FAO na WFP, pamoja na Serikali, walianzisha mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku, zao kuu likiwa maharagwe yenye madini mengi ya chuma, aina kama Nyota. Mei 2023 WHO ilisema mradi utawasaidia zaidi ya wakulima 5,000 wa Kenya na Zambia. Maharagwe haya hukomaa kwa miezi miwili na kitu, hayahitaji banda wala kuni, na mnunuzi asipokuja, watoto watakula.

Mzee ameshajaribu robo ya shamba. Hajaacha tumbaku, maana deni bado lipo, na anaogopa mradi ukiisha wanunuzi wataisha nao. Asubuhi ya kuondoka alinijazia mfuko wa maharagwe na kuniuliza, "Mwanangu, huko Mombasa si mnakula haya?"

Tunakula, Baba. Tunayatia nazi, tunayala kwa mahamri na kwa chapati, na soko la Kongowea hujaa magunia yake. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wafanyabiashara wetu na kwa serikali za kaunti: wanaotafuta maharagwe wafike na Uriri. Mzee anangoja mtu wa kununua, ili mwakani usiku alale.