Picha za kompyuta: bahati nasibu inafanya kazi gani ndani yake?

Andika katika programu ya kutengeneza picha kwenye simu: "soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, asubuhi." Rafiki yako naye aandike maneno yaleyale. Kila mmoja atapata picha yake: huku mitumbwi mitatu, kule hakuna hata mmoja, huku mama amebeba mihogo, kule ndizi. Namna gani maneno mamoja yanazaa picha mbili?

Ni bahati nasibu. Programu nyingi za namna hii zinaanza na nukta za rangi zilizotawanyika ovyo, kama mchanga uliomwagwa juu ya mkeka. Kisha zinazisafisha hatua kwa hatua mpaka zifanane na maneno uliyoandika, kufuatana na picha nyingi ambazo programu ilijifunza zamani. Nukta za mwanzo zikibadilika, picha nayo inabadilika.

Lakini hata bahati hiyo ina hesabu yake. Nukta zinatoka katika namba ya kuanzia, inayoitwa mbegu. Ukirudisha mbegu ileile na maneno yaleyale katika programu ileile, kwa kawaida picha ya kwanza inarudi.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1965, mjini Stuttgart, Ujerumani, Georg Nees alionyesha michoro iliyotengenezwa kwa kompyuta. Katika mchoro wake mmoja, Schotter, miraba ya juu imepangwa sawasawa. Kadiri unavyoshuka, inainama na kutawanyika. Kompyuta ilibahatisha, lakini mipaka aliiweka Nees. Kwetu Kongo, wanawake wa Kikuba kule Kasai wanadarizi vitambaa vya rafia, na katikati ya kazi nakshi inageuka ghafla. Hapo hakuna kubahatisha: mama mwenyewe ameamua.

Basi tuwe macho. Programu inaweza kutoa picha ya nyumba zinazoungua Kasongo au Kabambare, na kumbe hakuna kilichoungua. Hakuna mtu aliyesimama pale na kamera. Ni mbegu, maneno na hesabu tu. Picha ya namna hiyo ikikufikia, usiitume mbio kwa wengine. Uliza kwanza: nani aliipiga, wapi, siku gani? Kisha mpigie simu ndugu anayekaa kulekule. Yeye ndiye anayeona kwa macho.