Kikombe cha Babu

Kikombe cha Babu (pia kikombe cha Loliondo) ni dawa ya mizizi iliyokuwa ikitolewa na mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu na ambaye baadhi ya magazeti huandika Mwasapile, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Nchini Tanzania hutajwa mara kwa mara watu wanapobishana kipi kiaminiwe kwanza: ushuhuda wa aliyepona au kipimo cha maabara.

Asili na masharti

Masapila, aliyekuwa mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), alieleza kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni, mara ya kwanza mwaka 1991. Alianza kuitoa mwaka 2010. Ilichemshwa kutokana na mizizi ya mugariga (Carissa spinarum), mti wa miiba ambao kwa Kiswahili huitwa mtandamboo.

Ilidaiwa kutibu UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na kifafa. Mgonjwa alikunywa kikombe kimoja, mara moja tu, kwa Sh 500. Ilimbidi akipokee palepale Samunge kutoka kwa Babu mwenyewe, kwa kuwa nguvu ya dawa, kwa maelezo yake, ilitoka kwa Mungu na si kwenye mzizi. Aliyechimba mugariga na kuichemsha nyumbani alikunywa maji ya mizizi tu.

Msafara wa 2011

Kati ya Februari na Aprili 2011 kijiji hicho kidogo kilifurika. Mabasi, Noah, Land Cruiser na malori yalipita barabara ya vumbi kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka na Ngare Sero, mengine yakitokea upande wa Musoma na Mugumu. Wenye uwezo walikodi helikopta. Walikuja Wakenya na Waganda pia. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita, na watu walilala porini siku kadhaa bila vyoo wala maji ya kutosha. Maji ya chupa na chakula vilipanda bei, nauli ndiyo usiseme. Wagonjwa wengine walitolewa wodini wakiwa mahututi ili wawahi kikombe, na Machi vyombo vya habari viliripoti kuwa zaidi ya watu 50 walikuwa wamefariki wakisubiri. Mwishoni mwa mwezi huo Masapila mwenyewe aliomba watu wasitishe safari kwa muda ili foleni ipungue. Mawaziri na wabunge nao walikunywa, na picha zao zikiwa na kikombe mkononi zilishawishi watu kuliko tangazo lolote.

Suala la ushahidi

Wataalamu wa serikali waliipima dawa na kutangaza kuwa haina madhara kwa binadamu. Tangazo hilo la kawaida kabisa lilipokewa mitaani kama uthibitisho kwamba inaponya, ingawa chai ya rangi nayo haina sumu na haijamponya mtu kisukari.

Imani ilijengwa juu ya shuhuda, na shuhuda nyingi zilitolewa kwa moyo mweupe. Lakini pumu hupoa na kurudi kwa zamu zake. Mwenye VVU aliyeacha dawa za kufubaza virusi (ARV) anaweza kujisikia mzima kwa wiki kadhaa huku virusi vikiongezeka damuni, wala haoni tofauti mpaka apimwe. Aliyepata nafuu alisimulia kijiji kizima; aliyefia nyumbani mwezi uliofuata hakurudi Samunge kutoa taarifa. Hesabu ya kuaminika ingetaka wagonjwa wapimwe kabla ya kunywa, wafuatiliwe kwa miezi, kisha walinganishwe na wasiokunywa. Katika vumbi la foleni ile ilikuwa vigumu hata kuandikisha majina.

Sharti la mkono wa Babu lilileta ugumu zaidi. Mzizi ukishindwa maabara, jibu lilikuwa tayari: haukutolewa naye. Mgonjwa akishindwa kupona, imani yake ilikuwa haba. Dai la namna hii halina mlango wa kukosolewa, na pengine ndiyo sababu lilidumu hata pale wagonjwa waliokuwa wameacha dawa za hospitali waliporudi kliniki wakiwa hoi.

Wapo waliokunywa kikombe na kuendelea na ARV zao kimyakimya. Hao hawakuonekana sana magazetini.

Serikali na makanisa

Serikali haikufunga huduma. Ilipeleka polisi na kupanga zamu za magari. Askofu Thomas Laizer wa KKKT alimtetea Masapila, huku baadhi ya wahubiri wa Kipentekoste wakimpinga. Waigaji walijitokeza Mbeya na Tabora.

Hali ya sasa

Umati ulipungua ndani ya mwaka huohuo wa 2011. Masapila alifariki tarehe 30 Julai 2021. Mjadala huo wa ushuhuda na kipimo ulizuka tena wakati wa UVIKO-19, kuhusu kujifukiza na kuhusu dawa ya mitishamba ambayo Tanzania ilituma ndege kuichukua Madagaska mwezi Mei 2020.