Deni la Askari: Kufuatilia Maisha ya Bayume Mohamed Husen kutoka Dar es Salaam hadi Berlin

Utangulizi

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki na Kati husimuliwa habari za babu aliyekuwa askari wa Mdachi, wa Mwingereza au wa Mbelgiji. Masimulizi hayo aghalabu ni mafupi: alikwenda vitani, alirudi au hakurudi, na hakulipwa. Historia za kitaifa nazo hazikumpa nafasi kubwa, kwa kuwa alibeba bunduki ya mtawala. Makala hii inafuatilia maisha ya mmoja wa watu hao, Bayume Mohamed Husen, ambaye alikuwa askari, mtumishi, mwalimu wa Kiswahili na baba wa familia. Hoja yetu ni kwamba mtu wa namna hii hufahamika zaidi kupitia madai yake kuliko kupitia utumishi wake. Pale alipodai mshahara au nishani ndipo alipoacha alama.

Askari

Husen alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake, mtu mwenye asili ya Sudani, alikuwa na cheo cha efendi katika jeshi la Wajerumani. Asili hiyo si ya kushangaza, kwani kikosi kilichoundwa na Hermann Wissmann mwaka 1889 kilitegemea sana Wasudani walioandikishwa Misri. Cheo cha efendi kilikuwa cha juu kabisa alichoweza kupewa Mwafrika. Neno lenyewe, lenye asili ya Kituruki, limebaki katika Kiswahili kwa umbo la afande, na leo husikika makambini Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Neno limedumu, ingawa wengi wa waliolibeba mwanzo wamesahaulika.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Husen alikuwa mtoto wa miaka 10. Aliingia jeshini pamoja na baba yake na kufundishwa kazi ya ishara. Mwezi Oktoba 1917, katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, alijeruhiwa, kisha akawa mateka wa Waingereza. Kwa vipimo vya leo, huyu alikuwa askari mtoto.

Hapa inafaa kutofautisha askari na mpagazi. Vita hivyo viliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Rwanda, Burundi na Kongo. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mahali, yaani Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambayo yote yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Askari alikuwa na jina katika orodha ya mishahara, lakini mpagazi mara nyingi hakuwa nalo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni babu yupi anayeweza kufuatiliwa leo na yupi asiyeweza.

Mfanyakazi

Baada ya vita Husen alifanya kazi melini, kwanza kama boi, baadaye kama mhudumu wa meza. Mwaka 1929 alifika Berlin akiwa na shauri mahususi: kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa wakati wa vita. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ilimjibu kwamba amechelewa. Hakupewa fedha, lakini hakuondoka. Alihudumu katika Haus Vaterland, jumba mashuhuri la starehe mjini humo, akaigiza katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi katika nafasi ndogo za mtumishi, na akafundisha Kiswahili katika taasisi ya lugha za Mashariki ya chuo kikuu cha Berlin.

Kwa mtafiti wa lugha, kazi hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee. Husen hakuwa mwalimu mwenye cheo. Aliajiriwa kama msaidizi wa lugha, chini ya maprofesa. Miongoni mwa wanafunzi walikuwamo watu waliotarajia kwamba Ujerumani ingerudishiwa makoloni yake. Umilisi wake wa Kiswahili ulihitajiwa, ila hadhi ya mwenye lugha haikutambuliwa.

Baba wa familia

Tarehe 27 Januari 1933 Husen alimwoa mwanamke Mjerumani. Siku tatu baadaye Hitler alishika madaraka. Wana ndoa hao walipata mtoto wa kiume mwaka huohuo, na wa kike mwaka 1936, lakini watoto wote wawili walifariki wakiwa wadogo. Katika miaka hiyo baba huyo aliendelea kuandika na kuomba. Mwaka 1934 aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1939 aliomba kujiunga na jeshi, akakataliwa. Mwaka 1941 ajira yake ya chuo ilikoma, na mwaka huohuo alikamatwa na polisi wa siri kwa shutuma ya uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa na mahakama, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Utiifu au madai?

Maombi hayo yanaweza kusomwa kama ushahidi wa utiifu uliopofuka. Usomaji huo una kasoro. Sifa ya askari mwaminifu ilikuwa chombo cha wale waliotaka kuthibitisha kwamba Waafrika waliwapenda Wajerumani. Husen aliigeuza sifa hiyo kuwa hoja: kama nilikuwa mwaminifu, basi nilipwe na nitambuliwe. Kwa mtu aliyekuwa na familia ya kulisha katika nchi iliyokuwa ikimfungia milango, nishani na cheti vilikuwa kinga, si mapambo tu. Kila jibu la kumkataa liliongeza karatasi katika faili lake, na karatasi hizo ndizo zilizomwezesha Marianne Bechhaus-Gerst kuandika wasifu wake uliochapishwa mwaka 2007. Mwaka huohuo kibamba cha shaba chenye jina lake kiliwekwa njiani mbele ya makazi yake ya zamani mjini Berlin.

Hitimisho

Mambo matatu yanawahusu watunga sera. Kwanza, nyaraka za Kijerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam zinahitaji faharasa ya Kiswahili, kwa kuwa wazao wa askari na wapagazi wa Tanzania, Rwanda na Burundi wengi wao hawasomi Kijerumani. Pili, faharasa hiyo ioneshe maumbo yote ya jina la mtu mmoja. Anayemtafuta Mahjub bin Adam hatampata iwapo ameandikwa kwa jina la Husen pekee. Tatu, utafutaji uanze na mafaili ya malipo, malalamiko na maombi kabla ya taarifa za mapigano. Taarifa za mapigano ziliandikwa na makamanda, na humo askari ni idadi. Katika faili la madai askari ana jina, baba, mke na watoto, na anasema anachodai.