Jirani Aliyevunja Ahadi

Mwaka 1949, kisha vita vikubwa, inchi 10 zilianzisha Baraza la Ulaya. Ugiriki iliingia mwaka uleule. Kila inchi iliahidi kushika sheria na haki za watu.

Tarehe 21 Aprili 1967 makoloneli wa Ugiriki walinyang'anya utawala. Walifunga wapinzani na kunyamazisha magazeti. Je, majirani waseme: mambo ya nyumba ya mwenzetu hayatuhusu? Sivyo. Denmaki, Norwe, Uswidi na Uholanzi waliwashitaki mbele ya Tume ya Haki za Binadamu. Mashahidi walisikilizwa, ikahakikishwa kwamba wafungwa waliteswa. Desemba 1969, walipoona Baraza linataka kuwasimamisha, makoloneli walijitoa wenyewe.

Tusidanganyane: shitaka halikuwaangusha. Walianguka mwaka 1974, kwa sababu ya mambo ya Kupro. Lakini miaka ile wateswa walijua kwamba kilio chao kimesikiwa, na kiti cha Ugiriki hakikukaliwa na watesaji. Novemba 1974 inchi ikarudi, ikiwa huru.

Basi umoja ni nini? Si kunyamaza ili tusigombane. Ni kumkemea ndugu anayevunja ahadi, na kumwachia mlango wazi.