Kabati la Sarafu na Mioyo Iliyopita Ndani Yake

Miongoni mwa vyombo vya anasa vilivyozaliwa katika karne ya ishirini, kabati la mchezo wa sarafu lilikuwa na msiba wake wa pekee, nao ni kwamba mwili wake uliishi kuliko moyo wake. Mbao zilikuwa bado imara na rangi za ubavuni bado zikimeremeta, ilhali mchezo uliokuwamo ulikwisha kuwachosha watu na sanduku la fedha likawa halina kitu. Kutokana na tofauti hiyo ya umri ilizaliwa desturi ya kugeuza makabati, ambayo leo inaendelezwa majumbani na watu wanaotia kompyuta mahali palipokuwa na bodi ya mchezo mmoja, wakacheza mamia ya michezo kwa vitufe vile vile. Wako wanaoiona kazi hiyo kuwa ni uharibifu wa urithi, na wako wanaoiona kuwa ni ufufuo. Nadhani pande zote mbili zitafaidika zikiitazama tarehe ya biashara yenyewe, kwa kuwa humo itadhihirika kwamba kugeuza ni mwendo wa kabati tangu utotoni mwake, wala haukuzuliwa na watu wa majumbani.

Mwaka 1971, katika jimbo la California nchini Marekani, Nolan Bushnell na Ted Dabney walibuni mchezo wa Computer Space, nayo kampuni ya Nutting Associates ikautia ndani ya kabati la faibagilasi lenye mapindo na rangi za kumetameta. Mwaka uliofuata wawili hao walianzisha Atari, na mhandisi wao kijana, Allan Alcorn, akatengeneza Pong. Mfano wa kwanza uliwekwa katika baa ya Andy Capp's huko Sunnyvale, na kioo chake kilikuwa televisheni ya kawaida ya Hitachi iliyonunuliwa dukani. Haukupita muda mrefu, mashine ikakataa kufanya kazi. Alcorn alipokwenda kuichungua alikuta haina ubovu wowote, ila chombo cha kupokelea sarafu kimejaa mpaka kufurika. Nimeitaja televisheni hiyo kwa makusudi, kwa maana wako wanaosema kwamba kifaa cha nyumbani hakistahili kuingia katika kabati la biashara, na kumbe kabati lililoinyanyua biashara hiyo lilibeba kifaa cha sebuleni tangu siku yake ya kwanza.

Hata hivyo Pong haikuwa ya kugeuzwa kwa wepesi. Ndani yake hamkuwa na prosesa wala programu. Mpira, vibao na hesabu ya mabao vyote vilitokana na chipu za mantiki zilizounganishwa moja kwa moja, hata ikawa mchezo ndio waya na waya ndio mchezo. Mabadiliko yalikuja mwaka 1975, Midway ilipotoa Gun Fight iliyoendeshwa na prosesa ya Intel 8080, na mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito huko Japani akaitumia prosesa hiyo hiyo katika Space Invaders. Prosesa ilikuwa nyonge kwa kazi iliyopewa, basi kila adui alipouawa mzigo wa kuchora ulipungua, na waliosalia wakazidi kwenda mbio. Nishikado aliliacha jambo hilo kama lilivyo, kwani liliwatia wachezaji jakamoyo. Tangu hapo mchezo ukawa ni maandishi yaliyohifadhiwa ndani ya chipu za kumbukumbu, na maandishi huweza kubadilishwa pasipo kuibomoa nyumba yaliyomo.

Ushahidi mkubwa wa haya ni kisa cha Nintendo. Minoru Arakawa, mkwe wa Hiroshi Yamauchi aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo huko Kyoto, alitumwa kufungua tawi Marekani, naye akaagiza mashine 3,000 za mchezo ulioitwa Radar Scope. Shehena ilikawia miezi baharini. Ilipowasili hamu ya watu ilikwisha kugeukia mengine, na takriban mashine 1,000 tu ndizo zilizopata wanunuzi. Zile 2,000 zilizosalia zilirundikana ghalani zikila kodi. Kuzitupa kulikuwa ni kukiri kufilisika, na kuzirudisha Japani ni gharama juu ya hasara. Kwa hiyo likaamuliwa la tatu, yaani kuutafutia mwili ule moyo mwingine, na kazi ya kubuni mchezo utakaoingia katika makabati yale akapewa Shigeru Miyamoto, kijana msanii ambaye hakuwa mhandisi, chini ya uangalizi wa Gunpei Yokoi.

Vifaa vya kugeuzia vilipofika katika ghala la Tukwila, karibu na Seattle, mwaka 1981, hapakuwa na kiwanda cha kuvifunga. Arakawa mwenyewe, mkewe Yoko na wafanyakazi wachache waliyafungua makabati moja baada ya moja, wakatoa vya ndani na kutia vipya, wakabandika picha za Donkey Kong juu ya zile za Radar Scope. Mashine za majaribio ziliwekwa katika baa mbili za Seattle, na fedha ilipohesabiwa wenye baa wakaomba waongezewe. Yule seremala mdogo arukaye mapipa, aliyeitwa kwanza Jumpman, alipata jina la Mario kutoka kwa mwenye ghala, Mario Segale. Makabati yaliyogeuzwa yalikuwa mekundu, rangi ya Radar Scope, na yale yaliyoundwa baadaye yakawa ya samawati. Na leo wakusanyaji wanayatafuta zaidi yale mekundu, wakifurahi mno wanapokuta chini ya picha ya juu athari za picha ya kwanza. Kabati wanalolitukuza kama asili tupu ni kabati lililobadilishwa moyo kwa mikono ya mume, mkewe na wafanyakazi wao wachache.

Katika mwaka huo huo Doug Macrae na Kevin Curran, vijana waliotoka chuo cha MIT, walikuwa wakiuza bodi ndogo ya kuongezwa ndani ya Missile Command ya Atari, ili kuuzidishia ugumu mchezo ambao wachezaji walikwisha kuuhitimu. Atari iliwashtaki, kisha wakapatana, na kwa mapatano hayo vijana wakakubali kutouza tena bodi za namna hiyo pasipo idhini ya mwenye mchezo. Idhini ndiyo waliyoifuata kwa Midway, wakiwa na bodi nyingine waliyoiundia Pac-Man, na matokeo yake yakawa Ms. Pac-Man ya mwaka 1982, ambayo Wamarekani wengi waliipenda kuliko ile iliyoizaa.

Walioumia zaidi katika biashara hii walikuwa wenye mashine, waliozisambaza katika baa na maduka na kugawana mapato na wenyeji wao, kwa maana kabati zima liligharimu maelfu ya dola na mchezo uliweza kuchujuka ndani ya miezi. Kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake wa waya, na kulifanya kabati la huyu lipokee bodi ya yule kulikuwa ni kazi ya siku kadhaa kwa fundi mwenye subira. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa Japani, kijulikanacho kwa herufi za JAMMA, kilileta kipimo kimoja cha wote: kiunganishi chenye ncha 56, yaani 28 kila upande, kinachopitisha umeme, picha, sauti, sarafu na amri za wachezaji wawili. Fundi akachomoa bodi moja, akachomeka nyingine, akabadilisha karatasi ya juu na ya maelekezo, akafunga mlango. Hata Street Fighter II ya mwaka 1991, iliyotaka vitufe sita kwa kila mchezaji, ilifuata kipimo hicho kwa kuongeza fungu dogo la waya pembeni. Katika tarehe nzima ya mashine hizi hapana jambo ninalolistahi kuliko makubaliano hayo ya washindani, na tutaona yalivyokuja kuwafaa watu ambao waasisi wake hawakuwawaza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashine za nyumbani zilikwisha kuzifikia zile za sarafu kwa uzuri wa picha, na makabati mengi yakauzwa kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo, tarehe 5 Februari 1997, Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa toleo la kwanza la MAME, lililocheza Pac-Man na jamaa zake wachache. MAME ni emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye kuwa mashine nyingine. Wengi hudhani kwamba emuleta ni mchezo uliochorwa upya ukafananishwa na wa zamani. La, husoma maandishi yale yale yaliyotolewa katika chipu za bodi ya asili, na kuyatekeleza kana kwamba prosesa ya zamani ipo. Prosesa ya Pac-Man, Z80, ilikwenda kwa megahezi 3.072 tu, lakini kila amri yake huhitaji amri nyingi za kompyuta inayoiga, na ndiyo sababu yule mwigaji lazima awe na nguvu maradufu nyingi kuliko anayeigwa. Uaminifu huo hauachi hata kasoro: katika hatua ya 256 ya Pac-Man hesabu ya biti nane hufurika na nusu ya kioo hujaa takataka za herufi, na katika MAME takataka hizo hutokea vile vile. Pong, kwa kuwa haina maandishi ya kusomwa, ilingoja mpaka watu walipobuni njia ya kuiga saketi yake kiungo kwa kiungo.

Waliotangulia kutia kompyuta katika makabati walikutana na tatizo la vitufe. Kompyuta haikujua kishikio wala kitufe cha kabati, ilijua kibodi. Basi walipasua kibodi, wakatoa kibao chake kidogo cha kijani, wakafuatilia kwa kipima umeme ni ncha zipi mbili zikigusana hutoa herufi gani, kisha wakalehemu waya wa kila kitufe mahali pake. Kazi ilikuwa ya kuumiza macho, na ilipokamilika ilileta hila nyingine, kwani kibodi hupanga herufi zake kwa safu na mistari, na vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja huweza kuzua cha nne ambacho hakuna aliyekigusa. Mwingereza Andy Warne, kupitia kampuni yake ya Ultimarc, aliwaondolea taabu hiyo kwa kibao kiitwacho I-PAC, ambacho kila kitufe kina mlango wake peke yake. Kisha akatoa J-PAC, kibao chenye ncha 56 kinachochomekwa katika kiunganishi cha JAMMA penye nafasi ya bodi, kabati likaipokea kompyuta bila waya hata mmoja kukatwa.

Kioo kina shida zake. Kioo cha zamani cha kabati hupokea picha kwa takriban kilohezi 15.7, ilhali kadi ya kawaida ya kompyuta huituma kwa 31.5, na vikiunganishwa bila upatanisho picha hupasuka vipande vipande. Tena bomba la kioo cha rangi huhifadhi umeme wa volti elfu nyingi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na fundi asiyejua kuutoa kwa bisibisi iliyounganishwa kwa waya na fremu ya chuma asikaribie nyuma yake kabisa. Kwa sababu hizo wengi huling'oa bomba na kutia kioo bapa. Siwalaumu walio na hofu, lakini naona wamepoteza nusu ya kitu walichokipenda, kwa kuwa wachoraji wa michezo ile walipanga nukta zao wakijua zitakavyoyeyukiana katika mwanga wa bomba.

Na hapo ndipo inaponikaa hukumu yangu. Kabati tupu, lililopoteza bodi na kioo, lililookolewa kwenye uchafu, lina haki ya kupewa moyo mwingine, na leo kompyuta ya ukubwa wa kadi kama Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, yatosha kulihuisha. Lakini anayelipata kabati zima, lenye bodi yake na waya zake, kisha akatoboa ubao wa vitufe ili apate mashimo ya michezo asiyoicheza, na kuikata minyiri ya waya kwa mkasi, huyo amefanya ambalo hata Arakawa na mkewe hawakulifanya ghalani. Wao walibandika juu ya picha ya zamani, wakaiacha chini yake. Aidha maandishi ya michezo hiyo aghalabu yana wenyewe hadi leo, na kuitunza bodi ya asili ni njia moja ya kumtambua mwenye haki.

Tena bodi iliyotunzwa yaweza kuja kuhitajiwa. Katika bodi za Capcom za jamii ya CPS-2, zilizoanza kutoka mwaka 1993, maandishi yalifungwa kwa siri, na ufunguo ukawekwa katika kumbukumbu inayolindwa na betri. Betri ikifa, ufunguo hupotea na bodi hufa nayo. Mwaka 2007 Salmoria, pamoja na mtaalamu ajulikanaye kwa jina la Andreas Naive, waliifumbua siri hiyo ili MAME iweze kuiga bodi hizo kwa ukamilifu, na mwaka 2016 ikatangazwa njia ya kuurudisha ufunguo ndani ya bodi zilizokwisha kufa. Mwenye kabati aliyetumia J-PAC, akaiweka bodi yake iliyokufa katika kasha kavu, aweza sasa kuitia betri mpya na ufunguo wake, kuchomoa kompyuta, na kuirudisha bodi katika zile ncha 56.