Ukemi na Mwitikio Wake

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii humlenga asikiaye kuliko pembe yenyewe: humkataza kudhani kwamba imelia bure. Ndivyo ulivyokuwa pia ukemi wa mtu aliyevamiwa usiku. Ulinzi wake ulikuwa katika milango iliyofunguka mtaani.

Uingereza nako jambo hili lilitiwa katika sheria. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliwataka wenyeji wamfukuze mhalifu kwa mayowe, na wasipomkamata mnyang'anyi, eneo zima lilibeba dhamana. Karne zikapita, kazi ya kuitika ikakabidhiwa watu wa mshahara. Polisi wa London, walioanzishwa mwaka 1829, walitumia chombo cha mbao kilichozungushwa mkononi kikatoa mrindimo. Miaka ya 1880 wakapewa filimbi ya Joseph Hudson, fundi wa Birmingham, kwa kuwa ilisikika mbali zaidi.

Lakini kusikika si kuitikwa, na bahari ilitoa ushahidi mchungu wa hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, meli ya Titanic, baada ya kugonga mlima wa barafu, ilirusha fataki za kuomba msaada. Mabaharia wa meli ya Californian, iliyokuwa imesimama si mbali, waliziona. Mtumishi wao wa redio alikuwa amelala, na hakuamshwa hadi kulipopambazuka. Watu wapatao 1,500 walikufa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulitiwa saini mwaka 1914, nao ukasisitiza zamu ya kusikiliza redio. Kanuni zilizofuata zikataka jaketi la kuokolea liwe na filimbi iliyofungwa kwa kamba, ili aliyemo majini gizani aweze kuita hata sauti yake ikimkauka.

Watu wa visiwani wanaijua thamani ya filimbi hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba. Mamia ya watu walikufa. Baadhi ya walionusurika walielea kwa kushikilia magodoro. Meli ilikuwa imepakia kupita kiasi, na msongamano ule ulikuwa mbiu tosha, iliyolia bandarini kabla nanga haijang'olewa.

Siku hizi kuna king'ora kidogo cha kubebwa mfukoni. Mwanamke anayerejea kwake usiku akivuta pini yake, hulia kwa ukali unaopenya kuta. Ni chombo chema, na fundi wake anastahili shukrani. Sauti itafika katika kila dirisha la mtaa. Atakayefungua mlango na kutoka, huyo hauzwi pamoja na king'ora. Hulelewa na mtaa wenyewe.